Muvi zangu saba za muda wote, nimezipanga kwa ubaya wa adui

Kila nikiulizwa muvi gani kali, watu wanategemea nitaje ile yenye magari yanayolipuka au ile iliyobeba matuzo kibao. Mi sipangi hivyo, mi napanga kwa adui. Steringi anaweza kuwa na sura nzuri, anajua ngumi, anaruka ukuta, ila adui wake akiwa lofa basi picha imekwisha, unakaa masaa mawili na ushajua nani atashinda na atashinda vipi. Adui akiwa mzito ndo steringi anapata kazi ya kufanya. Hii tumetoka nayo mbali, toka enzi za vibanda umiza, unalipa hela ndogo unabanana kwenye benchi, TV ya chogo iko juu kule ndani ya boksi la mbao lenye kufuli, na picha ikiisha ubishi wa njiani haukuwa wa steringi kabisa, steringi si tulijua hafi, ubishi ulikuwa ni adui kafaje na je ile adhabu imemtosha.

Kwa hiyo hizi saba ni zangu, nimezirudia sana, zingine niliziona kwanza kwa tafsiri za kina Lufufu, wale wa kusimulia muvi kwa Kiswahili juu ya picha, ndo baadaye nikaja kuziona kwa lugha yake na maandishi chini, na ntasema ipi uione vipi maana tofauti ni kubwa. Halafu angalizo, mi nasimulia mpaka mwisho, kama hutaki kuharibiwa utamu kaione kwanza ndo uje tubishane.

Naanza na namba moja kabisa sina sababu ya kuwazungusha, ni Sholay. Ya mwaka 1975, ya Ramesh Sippy, Amitabh Bachchan ndo Jai na Dharmendra ndo Veeru, wezi wawili washkaji wa kufa na kuzikana wanaokodiwa na mzee mmoja, Thakur, aliyekuwa askari, wakamkamate jambazi anayeitesa Ramgarh. Jambazi ndo Gabbar Singh. Sasa angalia anavyoletwa. Muvi inaenda weee hujamwona, unasikia tu watu wanavyomwogopa, halafu unaonyeshwa kwanza buti zinatembea juu ya mwamba na mkanda unaburuzwa kwenye mawe, kra kra kra, na hapo vijana wake watatu wamerudi mikono mitupu wamefukuzwa na watu wawili tu. Anawauliza walikuwa wangapi. Anauliza kichwa chake kina dau la shilingi ngapi, anaambiwa rupia elfu hamsini, anafurahi kama kapewa cheti. Halafu anachukua bastola yenye risasi sita anapiga tatu hewani, zinabaki tatu, anazungusha, anamwekea kila mmoja kichwani anavuta, kwa! haitoki. Wote watatu wanapona. Anaanza kucheka, na wao wanacheka, kambi nzima inacheka, na wewe kwenye benchi unacheka, halafu anawalipua wote. Kibanda kilikuwa kinanyamaza kimya pale hata kama watu wote humo ndani walishaiona na wanajua kinachokuja.

Na aliyeigiza, Amjad Khan, hakuwa staa. Nafasi ile alikuwa apewe Danny Denzongpa ila alikuwa amebanwa na muvi nyingine wanashuti Afghanistan, ndo ikamwangukia Amjad, na nadhani kama angekuwa mtu tunayemjua sura tusingemwogopa hivyo. Kitu kingine ni ile shali ya Thakur. Muda wote mzee kajifunika shali, unaona ni mikogo tu ya kizee, mpaka inapokuja kufunuliwa kwamba Gabbar alishamkata mikono yote miwili baada ya kumuulia familia. Hapo ndo unaelewa kwa nini kaenda kukodi wezi.

Halafu Jai anakufa. Amitabh anakufa jamani! Ile sheria yetu ya steringi hafi ilivunjwa na Wahindi, na vibaya zaidi anakufa kwa ujanja wake mwenyewe, ile sarafu aliyokuwa anairusha kila wakitaka kuamua jambo kumbe pande zote mbili zinafanana, alikuwa anaamua yeye. Nimeona mijitu mizima inatoka kibandani inafuta macho inasingizia moshi.

Kasoro? Ipo. Ile sehemu ya jela na yule bwana jela mwenye mbwembwe imerefushwa mno, ni kichekesho cha dakika mbili kimepewa nafasi ya kumi. Na mwisho tuliouona miaka yote sio mwisho walioutaka, mwaka ule India ilikuwa kwenye hali ya hatari, na bodi ya ukaguzi haikutaka kuona mtu aliyewahi kuwa polisi anajichukulia sheria mkononi, kwa hiyo wakalazimika kuweka polisi wanaofika dakika ya mwisho wanamwambia Thakur acha tumshike sisi. Mwisho wa kwanza Thakur anamuua Gabbar kwa miguu, kwa viatu vyenye misumari. Mwaka 2025 nakala iliyosafishwa yenye ule mwisho halisi ilionyeshwa Bologna kule Italia, hiyo ndo ya kuitafuta. Ila ushauri wangu hii usiione ya kutafsiriwa, watafsiri wetu wengi wanaruka nyimbo ili kuokoa muda na ukiruka nyimbo za Sholay umekosa nusu ya picha, ule wimbo wa kambini kwa Gabbar wakati Helen anacheza aliyeimba ni R. D. Burman mwenyewe aliyetunga muziki wote, sasa unaruka nini hapo.

Namba mbili Sarafina!, 1992, na wengi mtashangaa maana mnaikumbuka kama muvi ya kuimba na kucheza. Mi nilivyoirudia ukubwani nikakuta ni muvi ngumu kuliko zote humu. Soweto 1976, wanafunzi wanalazimishwa kusomeshwa kwa Kiafrikaans, tarehe 16 Juni wanatoka barabarani wanapigwa risasi, ndo hiyo siku tunayoiita Siku ya Mtoto wa Afrika. Leleti Khumalo ndo Sarafina mwenyewe, Whoopi Goldberg ndo mwalimu. Adui mkubwa ni serikali ya makaburu, sawa, hiyo kila mtu anajua, ila muvi inakuletea adui mwingine wa karibu zaidi, Sabela, polisi mweusi wa mtaani kwao, mtu wanayemjua kwa jina. Na wanafunzi wanamchoma moto. Kwenye muvi nyingine yoyote adui akichomwa moto watu wanapiga makofi, hapa unataka kupiga makofi na mikono inakataa, maana Sarafina yumo kwenye lile kundi na baada ya pale hayuko sawa tena, na mwalimu wake alishaficha bunduki jikoni kwa hiyo huyu binti kazungukwa na maswali ya kuua kila upande. Sijaona muvi nyingine iliyomuua adui halafu ikakukatalia kufurahi.

Halafu mama yake, ambaye ni Miriam Makeba, anafanya kazi za ndani kwa wazungu na Sarafina mwanzoni anamwonea aibu, anaona ni mnyonge. Mwisho anarudi kwa mama. Mi kile kipande sikiangalii na watu. Muziki sina haja ya kuusema. Kama una watoto wa darasa la tano la sita waonyeshe lakini kaa nao, kuna vipande vya mateso gerezani vizito.

Namba tatu Nairobi Half Life, 2012, ya Tosh Gitonga. Mwas, yaani Joseph Wairimu, anauza muvi kijijini, na anaziuza kwa kuziigiza, anasimama mbele ya wateja anapiga sauti zote yeye mwenyewe, steringi yeye adui yeye mlio wa bunduki yeye. Huyu ni mwenzetu kabisa, nilimpenda kabla hata hajapanda gari. Anaenda Nairobi kutafuta uigizaji, anashuka tu River Road wanamkomba kila kitu, mara kadakwa na askari, usiku wa kwanza wa jiji kaumalizia selo, na kule selo anaamriwa asafishe choo ambacho, aisee, sitaki hata kukielezea, mi nilisogeza sahani pembeni. Kinachonimaliza ni kwamba anakisafisha huku anaimba na kuigiza. Dakika hiyo ndo unajua huyu dogo hatashindwa na kitu chepesi, kwa hiyo muvi inabidi imletee kitu kizito, na inamletea.

Humo ndani ndo anakutana na Oti, mkuu wa kikundi cha wezi wa vipuri vya magari, baadaye wanapanda cheo wanaiba magari mazima, na wakati huohuo Mwas kapata nafasi kwenye mchezo wa jukwaani. Mchana anafanya mazoezi ya kuwa mwizi jukwaani, usiku anaiba kweli. Adui wa hii ni polisi wanaokula pamoja na hao wezi halafu wakishiba wanataka kufuta ushahidi, na ubaya wao ni wa kawaida sana, hawana kovu wala kicheko cha kishetani, wanaongea kama watu wanaodai kodi ya nyumba. Mwisho wake umenikaa kichwani kuliko mwisho wa Sholay. Wairimu alibeba tuzo ya mwigizaji bora tamasha la Durban mwaka huohuo, na ndo muvi ya kwanza Kenya kuipeleka Oscar, haikupenya ila hewala.

Mapungufu ni yale mapenzi ya Mwas na Amina, demu wa Oti, yameharakishwa, ghafla tu wanaangaliana na sisi tuamini. Na kwa sisi wa Bongo ile Sheng inatupiga chenga balaa, weka maandishi chini usione aibu, mi mwenyewe Mswahili niliweka.

Namba nne ndo yenye ugomvi nyumbani, Supa Modo, 2018, ya Likarion Wainaina. Ugomvi ni kwamba nimesema napanga kwa adui na hii haina adui wa kushikika. Jo ni mtoto wa kike wa miaka tisa, anapenda muvi za ngumi na za masupahiro kufa, na anaumwa ugonjwa usiopona. Mama yake anamtoa hospitali anamrudisha nyumbani, anataka akae ndani apumzike, dada yake Mwix anaona mtoto hafai kumaliza siku zake kitandani, basi anamwaminisha kwamba ana nguvu za ajabu, halafu kijiji kizima kinaingizwa kwenye uongo huo. Kuna mahali Jo anasimamisha muda, na wote uwanjani wanaganda kweli, watu wazima wameganda na miguu juu ili mtoto mmoja aamini. Mwisho wanaamua kumtengenezea muvi yake kabisa.

Hoja yangu ni hii, ugonjwa ndo adui mbaya kuliko wote humu maana haupigwi, haununuliwi, huwezi kuusubiri njiani na panga, na kila mtu kwenye kile kijiji anajua utashinda. Kwa hiyo wote wanacheza mechi ambayo matokeo yameshatangazwa. Ningeiweka juu zaidi ila nakiri siwezi kuirudia mara nyingi, na muvi ya muda wote kwangu lazima irudike. Ni fupi, haifiki hata saa moja na nusu, na imetoka kwenye mradi uleule uliotoa Nairobi Half Life, ule wa One Fine Day wa Mjerumani Tom Tykwer, ambao unawapa vijana wa huku mafunzo halafu wanatengeneza picha yao. Yule binti Stycie Waweru aliyeigiza Jo hajakosea hata sehemu moja, mnaosema watoto wa huku hawajui kuigiza kamuoneni.

Namba tano Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, 2021, imetoka kwenye kitabu cha Adam Shafi ambacho wengi wetu tulikutana nacho sekondari kwenye fasihi, na hapo ndo tatizo linapoanzia maana ukishajibu mtihani wa kitabu huwezi kukiangalia kwa amani, muda wote unauliza mbona hili limeachwa mbona yule hayupo. Zanzibar ya miaka ya hamsini, Yasmin, binti wa Kihindi kaozeshwa mzee kwa nguvu, anakimbia, anakutana na Denge anayepambana na ukoloni. Kwa macho hii ndo nzuri kuliko zote nilizozitaja. Mji Mkongwe umepigwa picha ukapigika, vichochoro, taa za usiku, jasho kwenye shingo, kanga, yaani nilisimamisha mara kadhaa niangalie tu ukuta. Siti Amina ndo Mwajuma, na akianza kuimba hutaki kamera iende kwingine. Na Kiswahili chake ni cha Unguja chenyewe, sio kile cha taarifa ya habari.

Imeshuka mpaka ya tano kwa sheria yangu ileile. Wakoloni wa humu wamesimama mbali, wanakuja wanakunja sura wanaondoka, sikuwahi kumwogopa hata mmoja. Kwenye kitabu ile presha ya kufuatwafuatwa na makachero ilikuwa inanibana, kwenye muvi inapita kama upepo wa forodhani. Lakini ilistahili kupelekwa Oscar kwa niaba ya Tanzania, na natamani watu waione kwenye skrini kubwa, ukiiona kwenye simu umeionea.

Najua mtauliza Kanumba, yule staa wetu wa Bongo Movie, yuko wapi. Kanumba nampenda, alipofariki Aprili 2012 mtaa wetu ulisimama, na Uncle JJ na wale watoto bado naicheka mpaka leo. Ila Bongo Movie za kipindi kile zilikuwa na ugonjwa mmoja kwenye adui, iwe mama mkwe, iwe rafiki mnafiki, iwe dada tapeli, ikifika pati tuu lazima adui apige magoti alie aombe msamaha na asamehewe. Kwa maisha ni vizuri, kwa muvi unaniua. Na ile ya kukata picha moja sidii mbili ili tulipe mara mbili hiyo nayo ni uadui wa aina yake.

Namba sita The 36th Chamber of Shaolin, 1978, Gordon Liu. Hapa nitakuwa mfupi maana kila aliyekua na kibanda karibu anaijua hata kama hajui jina lake, sisi tuliijua kwa kusimuliana tu, ile ya jamaa wa ndoo. Kijana wenzake wameuawa na Wamanchu, anakimbilia hekalu la Shaolin, na katikati yote ya muvi ni mazoezi, vyumba thelathini na tano. Anaomba aanzie kile cha juu kabisa, wanamtoa nduki, anaanzishwa chini. Kubeba maji huku visu vimefungwa mikononi, ukishusha mikono unajichoma mbavu. Kugonga kichwa kwenye mifuko ya mchanga. Ili ufike kwenye chakula lazima uvuke maji kwa kukanyaga magogo yanayoelea, ukidumbukia unakula umelowa au huli. Jenerali mwenyewe anayepaswa kuwa adui haonekani sana na akija kupigwa unaona ni sawa tu, sikumchukia. Vyumba ndo vilikuwa adui. Na mwisho anaomba kuongeza cha thelathini na sita, cha kuwafundisha watu wa kawaida nje ya hekalu, wazo zuri kuliko pambano lenyewe. Baada ya hii muvi ndoo za nyumbani zilikuwa hazikai, nyie mnajua.

Namba saba Commando, 1985, Schwarzenegger, na hii imeingia kwa kuvunja sheria zangu zote. Adui wake Bennett ni kituko, kitambi kidogo, sharubu, kavaa kizibao cha wavu wa chuma, eti huyu ndo wa kumtisha John Matrix ambaye tumemwona anatembea na gogo begani. Wanajeshi wa kisiwa kizima wanafyatua risasi hakuna hata mmoja mwenye shabaha, yeye kasimama katikati ya bustani anapukutisha. Wamemteka binti yake, hilo tu ndo stori. Anamalizana na Bennett kwa bomba la mvuke analolirusha likamtoboa, na kibanda kizima kinasimama.

Ila hii sharti uione ya kutafsiriwa. Kwa Kiingereza maneno ni machache na mengi ni ya kipuuzi, mtafsiri mwenye mdomo ndo anampa Bennett akili ambayo mwandishi hakumpa, anampa kabila, anampa madeni, anampa mke aliyemkimbia, na ghafla unajikuta unamwonea huruma. Huku kwetu huwezi kusema umeiona Commando bila kusema nani aliitafsiri, na majirani zetu wa Kenya na DJ Afro wao watasema hivyohivyo.

Mdogo wangu anataka iwe ya kwanza, na Supa Modo itolewe kabisa kwa sababu haina risasi hata moja. Nimemwambia akapange zake.